Ngitili: Akiba ya Majani katika Nchi ya Usukuma

Ukimwuliza mtu, "Ukame huanza lini?" atakujibu upesi kwamba huanza siku mvua inapokatika. Jibu hilo ni la kweli kwa mwenye kuangalia mbingu, lakini kwa mwenye ng'ombe halijatimia. Mvua ikikatika, majani hayafi siku ile ile, wala ng'ombe hawakondi siku ile ile. Kati ya mvua ya mwisho na mzoga wa kwanza hupita miezi mingi, na miezi hiyo ndiyo inayompambanua mfugaji aliyeweka akiba na yule asiyeweka. Akiba ya nafaka sote twaijua, maana ghala huonekana na kila mtu. Lakini akiba ya majani, iliyoachwa imesimama ardhini pasipo ghala wala kufuli, ni wachache waifikirio.

Leo napenda kueleza habari ya akiba hiyo kama ilivyopata kuwa katika nchi ya Usukuma, hasa upande wa Shinyanga, ambako huitwa ngitili. Iliwekwa na wazee, ikavunjika, kisha ikasimamishwa tena. Na katika kuvunjika na kusimama kwake mna fundisho kwa kila nchi yenye ng'ombe wengi na jua kali.

Kwanza yatupasa kuijua nchi yenyewe. Usukuma uko kusini ya ziwa Victoria. Ni nchi ya vilima vidogo vya mawe na mabonde mapana. Juu ya vilima udongo ni wa mchanga, nao huitwa luseni. Chini kabisa ni udongo mweusi mzito wa mbuga, ambao wakati wa mvua hunasa miguu, na wakati wa kiangazi hupasuka nyufa za kutosha kumvunja ndama mguu. Mvua huanza kama mwezi wa Novemba, ikaendelea mpaka Aprili au Mei. Katika Shinyanga hupatikana kama milimita 600 mpaka 800 kwa mwaka. Lakini hesabu hiyo yaweza kumdanganya mgeni, kwa kuwa mvua yenyewe haigawanyiki sawasawa. Mwaka mmoja hunyesha ikafurika, mwaka wa pili ikachelewa, na pengine hunyesha kijiji hiki ikakiruka kijiji cha pili. Kisha hufuata miezi mitano au sita mikavu kabisa. Basi mwenye ng'ombe katika nchi kama hiyo hawezi kuhesabu majani ya mwezi wa Februari akasema, "Nina malisho ya kutosha." Hana budi kuhesabu majani ya mwezi wa Oktoba, nayo hayahesabiki Oktoba; huhesabiwa Februari, wakati yangali mabichi.

Hapo ndipo ilipozaliwa ngitili. Maana yake ni mahali palipotengwa na kufungwa ili majani yakue pasipo kuguswa. Mvua zinapoanza, mwenye ngitili hulifunga eneo lake, na tangu siku hiyo hapana ng'ombe apitaye. Mara nyingi hapajengwi ua wowote. Mpaka ni mti, au kichuguu, au njia ya miguu, na zaidi ya hayo ni neno la watu: kila jirani ajua kwamba hapa ni ngitili ya fulani, au ya kijiji. Mvua zote hupita, majani yakakua, yakatoa mbegu, yakakauka yangali yamesimama. Ng'ombe wakati huo hulishwa kwingine, katika malisho ya wote, na baada ya mavuno hulishwa mabua ya mashambani. Hayo yote yanapokwisha, kama mwezi wa Julai au Agosti, ndipo ngitili hufunguliwa.

Nayo haifunguliwi kama mlango wa mnada. Hufunguliwa sehemu kwa sehemu. Ya kwanza ikiisha, hufunguliwa ya pili. Tena hawaingii ng'ombe wote. Huingia ndama, ng'ombe wanyonyeshao, wagonjwa na wazee wasioweza kwenda mbali, na maksai wa kulimia. Wenye nguvu huondoka na vijana kwenda malisho ya mbali. Msomaji asistaajabu kwamba maksai huwekwa pamoja na wagonjwa. Mvua ya kwanza inaponyesha, siku za kulima ni chache, na maksai aliyekonda hawezi kuvuta plau. Mtu ambaye maksai wake wameanguka hulima kwa kuchelewa, akavuna kidogo, akauza ng'ombe ili anunue nafaka. Basi ngitili ilikuwa akiba ya ng'ombe, na kwa njia hiyo hiyo ilikuwa akiba ya chakula cha watu.

Labda mwalimu atapenda kuwapa wanafunzi wake hesabu hii. Ng'ombe mmoja wa kilo 250 hula majani makavu kiasi cha kilo 6 kwa siku. Tuseme mtu ana ngitili ya hekta 4, na kila hekta ina majani makavu kilo 1,500 siku ya kufunguliwa. Jumla ni kilo 6,000. Mwenye busara haliachi eneo likawa uchi. Huacha nusu ili ifunike udongo, basi zimebaki kilo 3,000 za kuliwa. Akiingiza maksai 4 na ng'ombe 1 wa maziwa, watakula kilo 30 kwa siku, na ngitili itawatosha siku 100, yaani tangu katikati ya Agosti mpaka mvua za Novemba. Lakini akiingiza kundi lake zima la ng'ombe 50, watakula kilo 300 kwa siku, na siku 10 tu zitapita kabla ya kwisha. Majani ni yale yale na ardhi ni ile ile. Tofauti ni nani aliyeruhusiwa kuingia, na lini. Mwanafunzi akiielewa hesabu hiyo ameielewa nusu ya elimu ya malisho.

Nusu ya pili iko chini ya udongo. Jani la juu ndilo linalopika chakula cha mmea kwa nguvu ya jua, na sehemu ya chakula hicho hushuka ikawekwa mizizini. Ng'ombe akiuma jani mara moja kisha akaenda zake, mmea huchukua akiba ya mizizini ukachipua tena. Lakini akirudi kesho, na kesho kutwa, akauma kila chipukizi linalotokeza, mizizi hupungua ikawa mifupi, na siku jua linapokuwa kali haifikii unyevu. Ndipo majani mazuri ya kudumu hufa, yakaachia nafasi majani ya mwaka mmoja yasiyo na nguvu, kisha magugu, kisha udongo mtupu. Udongo mtupu hupigwa na matone ya mvua ukafanya gamba gumu. Maji hayaingii tena, bali hukimbilia mtoni na kuchukua udongo pamoja nayo. Watu wakiona hivyo husema, "Mvua za siku hizi zimepungua." Yawezekana kabisa kwamba mvua ni ile ile, ila ardhi haina tena kinywa cha kuinywa. Wahenga walisema: Bandu bandu huisha gogo. Na malisho nayo huisha kwa kuumwa-umwa. Ngitili huyapa majani pumziko wakati yanapolihitaji zaidi, yaani wakati wa kukua na kutoa mbegu.

Ni kweli kwamba majani yaliyokauka yamesimama hayana nguvu nyingi. Hujaza tumbo kuliko kujenga mwili. Lakini ngitili nzuri haina majani tu. Ina migunga na miti mingine, na miti hiyo, kwa kuwa mizizi yake imekwenda chini sana, hutoa majani na maganda wakati nyasi zimekauka. Ndama aokotaye maganda ya mgunga chini ya kivuli hupata kile ambacho nyasi kavu haziwezi kumpa. Wamasai nao, walio watu wa desturi nyingine kabisa, hutenga malisho ya ndama karibu na boma, wakayaita olopololi. Mahitaji yale yale yaliwafundisha watu mbalimbali hekima moja.

Sasa na tuifuate habari hii katika miaka yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 iliingia katika Afrika ya Mashariki sotoka, tauni ya ng'ombe iliyotoka kaskazini, ikaua sehemu kubwa sana ya ng'ombe na wanyama wengi wa porini. Makundi yalipokwisha, na watu walipopungua kwa njaa na ndui, vichaka vilikua katika malisho yaliyoachwa, na katika vichaka vile akaingia mbung'o, aletaye ugonjwa wa nagana kwa ng'ombe na wa malale kwa watu. Hivyo mfugaji aliyepata tena ng'ombe wachache aliona nchi yake imekuwa nyembamba. Alikuwa na adui wawili: jua upande mmoja, na kichaka upande mwingine.

Katika miaka ya 1920 vita ya kufyeka vichaka ilianzishwa Shinyanga. Bwana C. F. M. Swynnerton, aliyekuwa mkuu wa wanyamapori Tanganyika, kisha mkuu wa utafiti wa mbung'o, aliweka kazi yake huko, akaifanya hata alipofariki kwa ajali ya ndege mwaka 1938. Watu kwa maelfu walitoka pamoja kwa amri ya watemi wao, wakakata miti na kuchoma moto. Kazi ile ilifaulu katika kusudi lake: mbung'o alirudi nyuma, malisho yakafunguka, ng'ombe wakaongezeka. Lakini kila dawa ina uchungu wake. Miti iliyokuwa kivuli, kuni na chakula cha kiangazi ilikwenda pamoja na mbung'o. Kisha pamba ikashika nchi. Na katika miaka ya 1950, wakati wa vyama vya ushirika vya wakulima wa pamba, mashamba yalipanuka sana. Mkulima aliyeuza pamba alinunua ng'ombe kwa fedha yake, maana ng'ombe ndiye aliyekuwa benki yake. Basi shamba likala malisho, na fedha ya shamba ikaongeza walaji wa malisho yaliyobaki. Katika msongamano huo ngitili ilizidi kuwa na thamani. Mtu hahifadhi kitu kilicho tele. Huhifadhi kinachoanza kupungua.

Serikali ya kikoloni nayo iliona kwamba ardhi inachakaa, na katika hilo haikukosea. Lakini dawa iliyoipenda ilikuwa moja: kupunguza ng'ombe kwa amri. Kabla sijasema habari ya amri hizo kwa Usukuma, yafaa tutazame kwanza Kenya, maana huko ndiko jambo hili lilikoonekana wazi. Katika nchi ya Machakos, mwaka 1938, ng'ombe wa Wakamba walikamatwa na kuuzwa kwa bei duni ili idadi yao ipungue, na wakati huo huo kiwanda cha nyama kilikuwa kimejengwa Athi River kikingojea ng'ombe. Mwezi wa Julai mwaka ule, Wakamba kwa mamia, wanaume, wanawake na watoto, waliondoka kwao wakaenda Nairobi, wakakaa huko majuma kadhaa wakitaka kusema na Gavana. Kiongozi wao, Muindi Mbingu, alikamatwa akapelekwa kukaa Lamu. Hata hivyo, kabla ya mwaka kwisha, amri ile ya lazima iliachwa.

Kwa nini watu walikataa? Si kwa kuwa hawakuona vumbi. Waliliona kabla ya mtu mwingine yeyote. Lakini fikiri kama mfugaji. Mtu mwenye ng'ombe 10, ukame ukiua saba, hubakiwa na watatu, na pengine hao watatu ni madume. Mwenye ng'ombe 100 hubakiwa na 30, naye aweza kuanza tena. Wingi wa ng'ombe ni kinga yake dhidi ya mwaka asioujua. Tena si wote walio katika zizi lake: wengine amewagawa kwa ndugu na marafiki wa mbali, ili mvua ikikosekana hapa, huenda ikanyesha kule. Ng'ombe ni mahari ya mwanawe, ni faini yake, ni chakula chake mwaka wa njaa. Umwambiapo mtu huyo, "Punguza ng'ombe," bila kumpa kinga nyingine badala yake, umemwambia avue nguo kwa sababu ya joto, na usiku wa baridi waja.

Katika Usukuma mambo yalikwenda njia hiyo hiyo. Mwaka 1947 watemi waliunganishwa katika shirikisho lenye makao Malya, na mpango mkubwa wa kustawisha Usukuma ukaanza. Ndani yake mlikuwa na mambo mema, kama kuchimba mabwawa ya maji; lakini palikuwa pia na amri nyingi juu ya kulima na kufuga, pamoja na kupunguza mifugo. Watu walichoka na faini. Chuki ya amri hizo iliingia katika siasa, na kabla ya uhuru wa mwaka 1961 kulazimisha kulikwisha nguvu. Fundisho ni kwamba hesabu ya mtaalamu yaweza kuwa sahihi kabisa, nayo isizae kitu, kama hakuna mfugaji anayeiona kuwa ni hesabu yake.

Lakini tusiwatupie lawama wakoloni peke yao, kwa maana pigo kubwa kuliko yote kwa ngitili lilikuja baada ya uhuru, tena kwa nia njema. Mwaka 1974 watu wa mkoa wa Shinyanga walihamishwa kutoka nyumba zao zilizotawanyika, wakakusanywa katika vijiji, ili wapate shule, zahanati na maji karibu. Nia haikuwa mbaya. Ila ngitili haikuweza kubebwa kichwani kama mkeka. Ilibaki kule kwenye mahame, mbali na macho ya mwenyewe. Na huku kijijini ng'ombe wa kaya nyingi wakasongamana mahali pamoja. Tumeona kwamba ua wa ngitili ni neno la majirani. Majirani wakitawanywa, na mtu akiamka kati ya watu ambao mashamba yao hayajui mipaka, lile neno hupotea. Malisho yakawa ya kila mtu. Na kilicho cha kila mtu pasipo mapatano, mwisho wake si cha mtu yeyote. Anayewahi hula, na anayesubiri hukuta vumbi.

Katikati ya miaka ya 1980, ngitili zilizokuwa zikijulikana katika mkoa mzima wa Shinyanga zilikuwa kama hekta 600 tu. Nchi ilikuwa na vumbi na makorongo. Wanawake walikwenda mbali kutafuta kuni, na penye kukosa kuni kabisa walipikia samadi na mabua, vitu ambavyo vingerudi shambani. Mkoa ule ukapata jina baya, Jangwa la Tanzania. Wafugaji wengi walifungua mazizi wakaondoka na makundi yao kwenda kusini, Rukwa, Usangu na bonde la Kilombero, na huko wakakutana na wakulima, nao ugomvi wa mashamba na malisho ukafuata. Kwa hiyo malisho yaliyokufa Shinyanga yalizaa magomvi mahali palipo mbali sana na Shinyanga.

Mwaka 1986 serikali ilianzisha kazi iliyoitwa Hifadhi Ardhi Shinyanga, kwa kifupi HASHI, kwa msaada wa Norway. Mwanzoni walifanya kama wafanyavyo wataalamu wengi: walianzisha vitalu, wakaotesha miche, wakawagawia watu wapande. Miche mingi hutaka maji na ulinzi, na vyote viwili vilikuwa haba. Ndipo walipowasikiliza wazee, wakaona kwamba chini ya vumbi kulikuwa na visiki na mizizi iliyo hai bado, na mbegu zilizolala. Havikutaka kupandwa, vilitaka kuachwa. Ngitili ilikuwa dawa iliyokuwa nyumbani tangu zamani, ila imesahauliwa juu ya dari.

Basi kazi ikageuka. Watu walisaidiwa kupima na kutenga ngitili, nyingine za kaya, nyingine za kijiji, za shule, au za vikundi. Sheria zake hazikutoka mjini. Zilitungwa katika dagashida, yaani mkutano wa jadi wa Wasukuma, ambapo watu hukaa wakapatana nini ni halali na nini ni haramu, na faini yake ni ngapi. Ulinzi ulifanywa na sungusungu, jeshi la jadi lililoinuka Kahama na Shinyanga mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa ajili ya kupambana na wezi wa ng'ombe. Aliyeingiza kundi lake katika ngitili ya mtu kabla ya wakati hakungojea barua ya mahakama. Aliitwa mbele ya majirani zake. Kwa mtu wa kijijini, kutengwa na majirani kwauma kuliko faini.

Matunda yake yalionekana. Ilipofika mwaka 2004, wakati kazi ya HASHI ilipofikia mwisho, ngitili zilizorudishwa au kuanzishwa katika vijiji 833 vya mkoa huo, kama ulivyokuwa kabla ya kugawanywa mwaka 2012, zilikadiriwa kuwa si chini ya hekta 350,000. Waliochunguza walihesabu ndani yake aina 152 za miti, vichaka na mimea itambaayo, na ndege wa aina 145. Kuni zikapatikana karibu, pia nguzo, nyasi za kuezekea, dawa na asali. Eneo lililotengwa kwa ajili ya ndama na maksai likawa pia ghala la mama wa nyumba. Wahenga walisema kweli kwamba ng'ombe haelemewi na nunduye: kazi ya kutunza ngitili haikuwa mzigo kwa mtu aliyejua kwamba ni yake.

Lakini mwandishi akisifu tu bila kutaja kasoro, hamsaidii msomaji. Ngitili ina kasoro zake. Ya kwanza ni kwamba ngitili ya mtu binafsi yataka ardhi, na maskini hana ardhi ya kufunga. Mwenye ng'ombe wengi na ardhi pana hufunga sehemu kubwa, kisha huleta kundi lake kulisha katika malisho ya wote mpaka yaishe, ndipo afungue yake. Jirani yake asiye na kitu, aliyekuwa akichota kuni mahali pale, huambiwa, "Hapa pamefungwa." Kwa hiyo kijiji chenye haki hakitazami ngitili za watu binafsi tu, bali huweka pia ya wote, na sheria yake hueleza mjane ataingia lini kuokota kuni. Ya pili ni mkaa. Miti iliyokua miaka ishirini yaweza kukatwa kwa juma moja, na mwaka mbaya mwenye njaa huona gunia la mkaa lililo karibu kuliko maganda ya Oktoba. Ya tatu ni kwamba watoto wanapogawana ardhi ya baba, ngitili ya hekta nne huwa vipande vya hekta moja moja, na kila kipande huomba kulimwa.

Kasoro hizo hazifuti hekima yenyewe, ila zatukumbusha kwamba ngitili haisimami kwa sababu iliwahi kusimama. Kila kizazi hakina budi kupatana upya. Katika ukame wa mwaka 2021 na 2022, ng'ombe wengi walikufa kaskazini ya Tanzania, kama Simanjiro, na kaskazini ya Kenya pia. Ukame mwingine utakuja. Mwaka wake tu ndio hatuujui. Siku ile mizoga inapolala kando ya njia, watu huuliza ni nani ataleta majani. Nyasi za kununuliwa ni ghali, na gari huchelewa, na ng'ombe aliyeanguka hanyanyuki kwa ahadi. Swali hilo lilipaswa kuulizwa miezi minane nyuma, siku ambayo nchi ilikuwa kijani na kila ng'ombe ameshiba, na hapana mtu aliyetaka kusikia habari za kufunga.

Basi, walimu wenzangu, tuna kazi. Shule nyingi za vijijini zina eneo kubwa lisilolimwa. Funga kipande chake kidogo mvua zinapoanza, hata kama ni nusu hekta, na kipande cha pili kando yake kiache wazi. Wanafunzi na wapime kila mwezi urefu wa majani, wahesabu aina zake, wamwage ndoo ya maji pande zote mbili na kutazama ni wapi maji yanapozama upesi. Mwisho wa kiangazi wasiandike insha juu ya ukame, waandike walichokiona. Halafu wazee waalikwe waje kueleza ngitili za baba zao zilikuwa wapi, na zilifunguliwa kwa amri ya nani. Mtoto aliyeona kwa macho yake majani ya mwezi wa Oktoba katika kipande cha shule atakuwa mgumu kudanganywa na majani ya Februari.

Nami nimalize kwa kurudi pale nilipoanza. Ukame wa mbingu huanza mvua inapokatika, na huo hatuna mamlaka juu yake. Ukame wa malisho huanza siku majirani wanaposhindwa kupatana ni wapi ng'ombe wasiingie wakati majani yangali mengi. Huo wa pili uko mikononi mwetu. Wazee wa Usukuma walizuia njaa kwa neno tu, wala hawakuwa na waya wa kuzungushia. Waya tunaweza kununua. Lile neno halina duka.